Fimbo ya Mama na Skatingi Yangu

Nilipomkaripia mama yangu mzazi kwa sababu ya ubao, nilikuwa mtu mzima wa miaka 51, mke wa mtu na mama wa watoto wanne, kwa hiyo siwezi kujitetea kwamba ulikuwa utoto. Ubao wenyewe haukuwa hata wa kukalia. Ulikuwa ule mkanda unaozunguka chumba pale chini, ukuta unapokutana na sakafu, ambao mafundi wetu huuita skatingi. Akina mama wenzangu, wengi wenu mnayo majumbani ingawa pengine hamjapata kuijali, maana ndiyo sehemu ya nyumba ambayo haitazamwi na mtu isipokuwa yule anayepiga deki.

Tuliiweka mwaka 2016, tulipoikarabati nyumba yetu hapa Handeni. Nyumba hii tulianza kuijenga mwaka 1994 kwa tofali tulizofyatua wenyewe uani, na kama wengi wanaojenga kwa mshahara wa mwalimu, tuliruka mambo yale yasiyoonekana. Kati ya msingi na ukuta inatakiwa kulazwa karatasi ya nailoni ngumu, ili unyevu wa ardhini usipande. Sisi hatukulaza kitu. Fedha ya nailoni ilinunua mabati. Basi kwa miaka zaidi ya ishirini ukuta ulinyonya maji ya ardhini kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa, na kila masika yalipokwisha rangi ilibabuka kuanzia chini hadi usawa wa magoti, ikaacha unga mweupe wa chumvi. Ni ajabu kidogo, kwa sababu Handeni tunajulikana kwa shida ya maji. Bomba letu huvuta maji kutoka Mto Pangani upande wa Korogwe, na majirani hunitania kwamba mimi na maji ya bomba tumetoka sehemu moja na sote wawili hatupatikani nyumbani. Lakini ukuta wangu haukukosa maji hata siku moja.

Kwetu ni Korogwe, kweli. Baba alikuwa mkata mkonge, na nyumba tuliyokulia ilikuwa ya fito na udongo. Kila Jumamosi mama alichota udongo mweusi bondeni, akaupepeta, akauchanganya na samadi ya ng'ombe na majivu, akachovya shungi la katani na kupaka mkanda wa shubiri moja chini ya ukuta, chumba kwa chumba, mpaka akarudi mlangoni alikoanzia. Sisi watoto tulidhani ni pambo. Siku moja nilimwuliza kwa nini anapaka chini tu wakati juu nako kumepasuka. Alinijibu bila kugeuka, "Juu hakuna papasi."

Vijana wa siku hizi wengi hawajui papasi. Ni kupe laini, wa rangi ya udongo, anayejificha mchana katika nyufa za sakafu na chini ya kuta za udongo, kisha usiku hutoka kunyonya damu ya waliolala na kurudi ufani kabla hakujakucha. Anaweza kukaa miaka bila kula, akisubiri. Ndiye anayeleta homa ya papasi, ile homa inayompata mtu siku chache, ikamwacha akadhani amepona, kisha ikarudi. Karne ya 20 ilipokuwa inaanza, Mwingereza Dutton na Mkanada Todd waliifuatilia homa hiyo huko Kongo, na Mjerumani Robert Koch akaifuatilia hapa kwetu wakati nchi ikiwa koloni la Wajerumani. Kila upande kivyake ulionyesha kwamba mletaji ni papasi. Dutton mwenyewe alifia Kongo mwaka 1905 kwa homa hiyo hiyo aliyokuwa akiichunguza. Mama yangu hakupata kusikia jina la hata mmoja wao. Yeye alijua tu kwamba ufa wa chini lazima uzibwe kila wiki, na kwamba mwanamke mvivu hulaza wanawe na papasi.

Haya yote nilikuwa nimeyasahau mwaka 2016. Nilichokumbuka ni skatingi ya mbao niliyoiona katika nyumba ya jamaa yetu Dar es Salaam, imepakwa vanishi, inang'aa kama meza ya ofisini. Baba watoto alitaka ya saruji. Mimi nikashikilia mbao, na kwa kuwa mkopo ulikuwa wa chama chetu cha akina mama, neno langu lilikuwa zito. Tuliulizia mninga, tukaambiwa bei, tukanyamaza. Mwishowe tulichukua msonobari wa kutoka milima ya Lushoto, kule Shume kwenye mashamba ya serikali ya misonobari na misanduku. Ni mbao nzuri kwa kazi zake. Lakini ni laini, na isipotiwa dawa mchwa huiona kama mkate.

Leo, baada ya kulipia ujinga wangu, naweza kueleza makosa yote. Mbao ilikuwa mbichi, kwa hiyo ilipokauka ikajipinda na kuacha mianya nyuma yake. Upande wa mbele ulipakwa vanishi mara tatu, upande wa nyuma unaogusa ukuta haukupakwa hata mara moja, kana kwamba unyevu huingia kupitia sebuleni. Fundi aliipigilia kwa misumari ya zege, na tofali letu lililoliwa na chumvi likamomonyoka, msumari ukashika lipu tu. Angetoboa matundu, akatia vigingi vya mbao ngumu na kukaza kwa skrubu, ingeshika. Chini hakuacha nafasi hata ya unene wa kadi, ubao ukakaa juu ya sakafu na kunywa kila nilipopiga deki. Na kosa kubwa kuliko yote ni kwamba tuliiweka mbele ya ukuta unaotoka jasho. Ule unga mweupe ulikuwa unatuambia jambo, sisi tukauziba mdomo kwa ubao. Sina lawama kubwa kwa yule fundi, maana alifanya nilichomwambia, na nilichomwambia ni kwamba nataka ing'ae.

Iling'aa kwa mwaka mmoja na nusu.

Mwanzoni mwa mwaka 2018 tulimchukua mama kutoka Korogwe aje kukaa nasi. Alikuwa amepofuka kabisa kwa presha ya macho. Ugonjwa huo hauumi mwanzoni, huiba macho kutoka pembeni kidogo kidogo, na kilichoibwa hakirudi. Dawa hulinda kilichobaki tu. Sisi wanawe tulifikiri ni uzee, tukamnunulia miwani sokoni. (Mwenye mzazi au ndugu wa damu aliyepata ugonjwa huu asingoje, aende akapimwe presha ya macho. Mimi sasa hupimwa kila mwaka.)

Siku ya kwanza aliomba aachwe peke yake chumbani. Nikamsikia akigonga. Alikuwa anaisoma nyumba kwa fimbo. Aligonga skatingi hatua kwa hatua, akihesabu kwa sauti ndogo, mpaka ubao ulipokatika, ndipo akajua hapo ni mlango. Ndani ya wiki moja alikuwa ameijua nyumba yote: kutoka kitandani mpaka mlangoni migongo saba, ukumbini kumi na moja, kisha kona, kisha minne, ndipo choo. Alikwenda barazani mwenyewe kuota jua. Wajukuu walimsifu. Nami nilimsifu, mpaka siku nilipoinama kufuta vumbi nikaona vanishi imejaa alama, vishimo vidogo kwa mamia, toka chumbani kwake hadi ukumbini.

Nilisema, "Mama, hizi mbao ni za fedha, tena fedha ya mkopo. Huwezi kutembea bila kugongagonga?"

Alisimama kidogo. Kisha akasema, "Nimesikia, mwanangu." Akarudi chumbani akipapasa ukuta kwa kiganja, na fimbo akailaza chini ya kitanda.

Siku tisa zilipita. Nyumba ilikuwa kimya na mimi nikadhani mambo yametulia. Binti yangu wa mwisho, wakati huo alikuwa darasa la sita, ndiye aliyekuja jikoni akaniuliza, "Mama, unajua kwa nini bibi hanywi chai asubuhi?" Nikasema labda hana hamu. Akasema, "Anaogopa haja isimshike kabla sisi hatujarudi shule."

Sitaeleza niliyoyasikia moyoni, kila mwenye mama anaweza kuyakadiria. Nilikwenda, nikapiga magoti, nikaitoa fimbo uvunguni na kumwekea mkononi. Nikasema, "Mama, tembea." Hilo halikuwa ombi la msamaha, nalijua, lakini ndilo lililotoka.

Akaanza tena kutembea, ila sasa aligonga polepole sana, kama mgeni anayebisha hodi kwa watu wakubwa. Labda ndiyo sababu alisikia. Ilikuwa mwezi wa nne, mvua za masika zinanyesha. Aliniita kutoka ukumbini: "Njoo usikilize. Juzi hapa palikuwa panalia ko. Leo panalia po." Nikasema pengine ni mvua. Akagonga ubao wa karibu na mlango wake, kisha ule wa mbali, kisha tena wa karibu. Ilikuwa kweli. Akasema, "Humo ndani kuna wenye nyumba wengine."

Niliinama nikabonyeza kwa kidole gumba. Kidole kilizama hadi ndani. Ubao haukuwepo. Palikuwa na ngozi ya vanishi, nyembamba kama karatasi, na nyuma yake udongo uliojaa mchwa weupe wanakimbia mwanga.

Mchwa hapendi kuonekana na hapendi kukauka. Makao yake yako ardhini kwenye unyevu, na akitaka kupanda kwenye chakula hujijengea njia ya udongo ili asafiri gizani. Ukuta mtupu ungetuonyesha njia hiyo mapema, mstari wa udongo unaopanda kama mshipa. Sisi tulimjengea barabara yenye paa: mbele vanishi, nyuma ukuta wenye maji, katikati mwanya. Tulipobandua tulikuta ameshatoka kwenye skatingi na kuingia katika fremu ya mlango wa mama, ameila kwa ndani hadi usawa wa kiuno. Mlango ule ulikuwa wa mbao nzito, na mwenye kuushika kila siku ili asianguke alikuwa kipofu. Baba watoto aliusukuma kidogo kwa mkono na bawaba ya chini ikatoka na kipande cha fremu. Tukatazamana. Hakuna aliyesema neno. Mama ndiye aliyeuliza, "Wako wengi?"

Majirani walitushauri tumwage oili chafu ya magari. Ni desturi huku, lakini huchafua udongo, harufu yake haiishi, na siku hizi sipendi kitu ambacho mtoto atakanyaga na kulamba. Zamani watu walitumia dieldrini. Dawa hiyo ilidumu ardhini miaka mingi na kujikusanya katika miili ya wanyama na watu, na ni mojawapo ya zile zilizowekwa katika Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 ili dunia iachane nazo. Mtu akikuletea chupa isiyo na karatasi ya maelezo akakuambia ni dawa ya zamani inayoua kweli, usimfungulie mlango. Sisi tulimtafuta mtu mwenye kibali, akapiga dawa inayoruhusiwa kwenye udongo kando ya msingi, na tukamhamishia mama kwa jirani mpaka nyumba ilipopata hewa ya kutosha.

Halafu likaja jambo ambalo tungelifanya mwaka 1994. Fundi wa safari hii, mzee mmoja asiyependa maneno mengi, alizunguka nyumba kwa nje kabla hajataka kuingia ndani. Akatuonyesha udongo uliopanda ukutani juu ya msingi kwa sababu ya miaka ya kufagia uwanja na kusogeza taka kwenye ukuta. Akatuonyesha maji ya bati yanavyodondokea pale pale. Tukauondoa udongo ule, tukachimba mfereji, tukainamisha ardhi maji yatiririke mbali na nyumba. Ndani alibomoa lipu yote iliyooza hadi juu ya magoti, akafagia chumvi kwa brashi kavu, akatuambia tuache ukuta wazi kiangazi chote. Kuanzia mwezi wa sita hadi mwisho wa wa nane tulikaa na nyumba iliyovuliwa viatu. Wageni walipouliza, baba watoto alisema ni mtindo mpya.

Mwezi wa tisa ilipigwa lipu mpya, na baada yake skatingi ya saruji. Wanaotaka kujua kazi yake, iko hivi. Ukuta unachongwachongwa kwa tindo ili ushike, unafagiwa, unaloweshwa. Mchanga uwe safi, uliochekechwa, ndoo tatu kwa moja ya saruji. Uzi unavutwa kutoka kona hadi kona, inchi nne kutoka sakafuni, kwa sababu jicho la fundi likichoka uzi hauchoki. Unene ni kama kidole. Ukingo wa juu usiachwe kama rafu ya kukaa vumbi, ulainishwe kwa kuinama, na pale chini panapokutana na sakafu pazungushwe kidogo kwa mgongo wa chupa, ili uchafu usipate pembe ya kujificha. Juu yake inapigwa niru ikiwa bado mbichi. Fundi aliuliza rangi ya kuchanganya. Nilikuwa nataka nyekundu. Mama akasema kutoka kwenye kiti chake, "Nyeusi." Ikawa nyeusi.

Saruji isipopewa maji siku za mwanzo hupasuka na kubaki dhaifu. Inatakiwa iloweshwe siku saba, asubuhi na jioni. Wakati huo bomba lilikuwa halitoi na dumu la maji tulinunua kwa shilingi 500. Kumwaga kwa kopo kungetufilisi. Mama akaomba bakuli na kitambaa. Nikamwambia apumzike, watoto watafanya. Akasema watoto wataruka sehemu, wao wanaona.

Basi siku saba nilimtazama mama yangu, mwanamke wa miaka zaidi ya 75, akitambaa taratibu kwa kukalia kigoda, anakisogeza, anachovya kitambaa, anapitisha mkono kwenye ule mkanda mweusi, anakisogeza tena, chumba kwa chumba, mpaka anarudi mlangoni alikoanzia. Siku ya tatu nilikaa sakafuni kando yake nikamwomba msamaha, sasa kwa maneno yaliyonyooka. Nilimtajia chai ya asubuhi. Alisema, "Wewe ulitunza mali. Mimi nilikufundisha kutunza." Kisha akasema nisogee, nimekalia sehemu ambayo hajailowesha.

Sitaki mdhani kwamba nyumba yangu sasa ni ya mfano. Saruji haizuii unyevu kupanda, na ukuta mmoja wa upande wa bafu bado hutoa kiwingu juu ya skatingi kila masika. Hapo sipaki tena rangi ya mafuta, napaka chokaa ili ukuta upumue. Simwagi tena maji sakafuni na kuyasukuma kwa fagio la chelewa kama nilivyozoea. Nafagia kwanza pakavu, kisha napiga deki kwa dekio lililokamuliwa, na skatingi naifuta kwa kitambaa chake peke yake, maana maji yaliyosukumwa ndiyo hujificha pembeni. Makabati na vitanda havigusi ukuta, mkono uweze kupita nyuma. Kila mwezi nazunguka na tochi nikitafuta ule mstari wa udongo, ndani na nje, na nikiukuta siuvunji tu, naufuata ulikotoka. Ufa mdogo nauziba kwa saruji na maji wiki ile ile. Ni kazi ya nusu saa.

Lakini mkaguzi mkuu si mimi. Mama bado anagonga. Saruji haina alama za kutisha, na hata ingekuwa nazo. Wiki iliyopita alisimama kwenye kona ya kwenda chooni, akagonga mara mbili, akasogea, akagonga tena, akainama kusikiliza. Nikaja mbio na tochi. Nikamulika juu na chini, nikapapasa, sikuona kitu, nikamwambia pako salama.

"Najua pako salama," akasema. "Nasema kona hii fundi wako aliifanya wakati anataka kwenda kula. Hailingani na ya kule. Atakuja lini tena?"